Ufunguo ni Amana: Kupanga Vyumba vya Jamaa Melini

Wahenga walisema kwamba msafiri ni maskini ajapokuwa sultani. Hawakukusudia umaskini wa fedha peke yake. Walikusudia kuwa mtu akitoka kwake huuacha nyuma mlango anaoujua, kitasa anachokijua, na majirani ambao wakisikia kilio cha mtoto usiku hujua ni mtoto wa nani. Huko aendako hupewa chumba na ufunguo, na watu wasiomjua huliandika jina lake katika daftari. Tangu hapo salama yake na stara yake hutegemea mambo hayo matatu: chumba, ufunguo na daftari.

Siku hizi baadhi ya jamaa zetu waliotawanyika Mombasa, Unguja, Maskati, Dubai na Uingereza wameanza kukutana katika zile meli kubwa za matembezi. Badala ya nyumba moja kubeba mzigo wa wageni wote, kila mji hulipa fungu lake, wakakaa pamoja siku saba, wakala meza moja na kutembea bandari mbalimbali. Kuunga udugu ni katika mambo mema, na sina neno la kuilaumu safari ya namna hiyo. Lakini nimeona kwamba katika kuitengeneza watu hushughulika mno na bei ya chumba na uzuri wa dirisha, wakalisahau swali lililo kubwa kuliko hayo: nani atalala na nani, na nani atashika ufunguo wa mlango upi?

Mwezi wa Disemba 2018 jamaa zangu walinikabidhi kazi hiyo. Tulikuwa watu kumi na wanne, na meli yetu ilikuwa itoke Dubai, izunguke Ghuba na kupita Abu Dhabi na Maskati. Nilikuwa mimi na mke wangu. Mama yangu mzazi, mwenye miaka 79, atembeaye kwa mkongojo. Dada yangu, mjane, na binti zake wawili, mmoja wa miaka 19 na mwingine wa miaka 12. Kaka yangu akaaye Maskati, na mkewe, na watoto wao wanne, yaani mvulana wa miaka 16, msichana wa miaka 14, na wavulana wawili wa miaka 9 na 6. Na mpwa wangu mmoja aliyekuwa bwana harusi wa miezi miwili, na mkewe. Tulipiga hesabu ya fedha zetu tukaona zatosha vyumba sita. Kazi ilikuwa kuwagawa watu hao katika milango hiyo sita pasiwe na mtu wa kuona haya, wala mtoto asiye na mkubwa wake, wala mzee aliyetengwa.

Kwanza yafaa tujue chumba cha meli ni kitu gani. Si kama chumba cha nyumba zetu, ambamo mgeni wa saba hutandikiwa jamvi na maisha yakaendelea. Chumba cha meli kina hesabu yake maalumu. Vingi ni vya watu wawili. Vingine hupokea watatu au wanne, kwa kochi linalogeuzwa kitanda na vitanda vya juu vinavyokunjwa ukutani au darini wakati wa mchana. Viko vya ndani visivyo na dirisha, ambavyo ni rahisi kwa bei. Viko vyenye dirisha lisilofunguka. Na viko vyenye roshani. Na huenda ukaona chumba kina vitanda vinne, nawe ukanyimwa nafasi ya mtu wa nne. Usimgombeze karani. Kila upande wa meli una watu wake na mashua zake za kuokolea, na idadi ikishatimia haongezwi mtu hata kama kitanda ki tupu. Dunia ilijifunza jambo hili kwa machungu. Mwaka 1912 meli ya Titanic ilizama ikiwa na watu kiasi cha 2,200, ilhali mashua zake zilitosha watu 1,178 tu. Mwaka 1914 mataifa yakafanya mkataba wa kwanza wa usalama wa watu baharini, na mkataba huo, kwa sura yake ya leo, ndio unaozitawala meli hizi hata sasa.

Tena kuna tofauti ambayo wengi hawaijui mpaka wamekwisha lipa. Vyumba viwili kuwa jirani si sawa na vyumba viwili kuwa na mlango wa kati. Vyumba jirani vimegusana ukuta tu. Mama akitaka kumwendea mwanawe usiku lazima ajisitiri, atoke ujiani, abishe hodi. Vyumba vyenye mlango wa kati hufunguliwa na mhudumu kwa ombi la wenyewe, vikawa kama nyumba moja yenye vyumba viwili. Vya namna hii ni vichache katika kila meli, na huchukuliwa mapema. Mwenye watoto asikubali neno la juu juu kwamba vyumba "viko pamoja". Na aulize waziwazi kama mlango wa kati upo, na aoneshwe katika ramani ya sitaha.

Jambo la umri nalo lina sheria zake. Kampuni nyingi ambazo meli zao hutoka bandari za Marekani hutaka kila chumba kiwe na mtu asiyepungua miaka 21, na nyingi za Ulaya hutosheka na miaka 18. Aghlabu huwasamehe wazazi ambao watoto wao wamo chumba cha pili kilicho ubavuni au kinachoelekeana na chao. Kampuni tuliyosafiri nayo ilishika miaka 18. Na hapo ndipo ulipotokea mzozo wetu.

Kaka yangu alitaka wanawe watatu wa kiume walale chumba chao, naye alale na mkewe. Wakala wa safari, ambaye sitamtaja jina, akatutolea hila yake. Alisema, "Mwandikeni mama mzee katika chumba cha wale wavulana. Ni mtu mzima, sheria itatimia. Mkishapanda, yeye atakwenda kulala na binti yake. Hiyo ni karatasi tu, na watu wote hufanya hivyo." Kaka yangu alilipenda shauri hilo, maana lilikuwa jepesi na lilipunguza gharama. Aliniambia, "Ndugu yangu, usitutie uzito. Nani atakayedhurika?"

Nilimjibu kwamba atakayedhurika ni mama. Nikamweleza kwa nini. Mkataba ule wa baharini unataka kabla meli haijatoka watu wote wahesabiwe na majina yao yaandikwe, na habari hizo ziwekwe nchi kavu pia, zipatikane upesi ikihitajika kutafuta na kuokoa. Unataka vilevile waandikwe wale waliosema kwamba watahitaji msaada ikitokea hatari. Mama yetu tulikwisha mwandikisha katika hao kwa ajili ya mkongojo wake. Sasa fikiri: king'ora kinalia usiku wa manane, baharia aliyeamrishwa kumchukua mzee anashika orodha, anakimbilia mlango ulioandikwa jina lake, anawakuta wavulana watatu wenye usingizi. Na mzee mwenyewe yuko mlango mwingine, pengine sitaha nyingine, akimngoja mtu ambaye hatakuja. Uongo ulioandikwa katika karatasi hausikiki mchana. Husikika usiku wa taabu.

Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa jambo hili na wageni. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa imechukua watu wengi kupita kiasi chake. Mamia ya roho walikufa. Na juu ya msiba ule ukaja msiba mwingine, kuwa orodha ya abiria haikulingana na watu waliokuwamo. Watu walikaa siku nyingi wakitafuta majina, huyu akisema ndugu yake alipanda, na daftari halimjui. Aliyeona hayo, au aliyesikia kwa waliofiwa, hawezi tena kusema "ni karatasi tu."

Basi nilifanya jambo lililo jepesi kuliko hila: niliuliza. Niliiandikia kampuni yenyewe, nikaeleza umri wa kila mtoto, nikauliza kama wavulana wa miaka 16 na 9 waweza kuandikwa katika chumba chao ikiwa wazazi wao wamo chumba cha pili na kuna mlango wa kati. Baada ya siku tatu jibu likaja: inajuzu, kwa sharti kwamba vyumba hivyo viwili visitenganishwe na baba atie sahihi yake. Tuliyataka kwa hila mambo ambayo tungepewa kwa ruhusa. Mara ngapi twafanya hivyo katika maisha yetu!

Mpango ukawa hivi. Mama, dada yangu na binti yake mdogo, chumba kimoja cha watu watatu, karibu na lifti, ili mkongojo usichoke. Chumba cha pili, chenye mlango wa kati na hicho, wakapewa binti wa miaka 19 na binamu yake wa miaka 14; yule mkubwa ni mtu mzima kwa sheria ya meli, na mama yake yuko nyuma ya mlango. Kaka na mkewe na mtoto wao wa miaka 6, chumba cha tatu. Wavulana wawili wakubwa, chumba cha nne, chenye mlango wa kati na cha wazazi wao. Mimi na mke wangu, cha tano. Bwana na bibi harusi, cha sita, kwenye sitaha ya juu, mbali nasi wote. Vyumba vya watoto nilichagua vyenye dirisha lisilofunguka. Roshani niliwaachia maharusi.

Msomaji ataona kwamba mpango huu haukufuata sheria ya meli peke yake. Dini yetu imetangulia kutufundisha adabu ya vyumba. Katika Surat Nur tumeamrishwa tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tupate idhini na tuwatolee salamu wenyewe. Na katika sura hiyohiyo watoto ambao hawajabaleghe wameamrishwa waombe ruhusa katika nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wanapopunguza nguo, na baada ya sala ya isha. Nasi twajua mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba watoto wafikapo miaka kumi watenganishwe malazi. Mambo haya nyumbani huwa mepesi, maana nyumba zetu zimejengwa kwa kuyachunga, zikawa na ukumbi, na ndani, na uwanja. Chumba cha meli ni hatua chache tu toka mlangoni hadi dirishani. Asiyeyafikiria kabla ya kulipa atayafikiria akiwa amesimama ujiani na mizigo, na hapo huwa hakuna nafasi ya kubadili.

Sasa tuingie katika ufunguo wenyewe. Ufunguo wa meli za leo si chuma. Ni kadi ndogo ya plastiki, na katika baadhi ya meli mpya ni utepe wa mkononi au simu ya mtu. Kitasa cha kadi si kitu cha kale: alikianzisha mhandisi wa Norway, Tor Sørnes, katika miaka ya 1970, na kadi zake za kwanza zilikuwa na vitundu vilivyopangwa kwa siri. Uzuri wake ni kuwa kadi ikipotea kitasa hakibadilishwi. Hubatilishwa kadi ile, ikatolewa nyingine. Lakini kadi ya meli ina kazi nyingi kuliko kufungua mlango. Hiyo ndiyo cheti chako cha kushukia na kupandia: huitoa mlangoni, picha yako ikatokea mbele ya askari, na meli ikajua nani yumo na nani hayumo. Tena hiyo ndiyo kifuko chako, maana kila unachonunua huandikwa humo, na mwisho wa safari hulipwa kwa jumla. Kwa hiyo anayempa mtoto kadi amempa mlango, cheti na mfuko wa fedha kwa pamoja. Mzazi aweza kwenda mapokezini akaomba kadi ya mwanawe ifungue mlango tu, isinunue kitu. Kaka yangu aliomba hivyo kwa wanawe wote, na yule wa miaka 16 alinuna siku moja, akapoa.

Kwamba mlango wa chumba cha abiria ni jambo zito, hata watunga sheria wameliona. Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria ya usalama wa meli za abiria zinazochukua au kushusha watu katika bandari zake. Sheria hiyo inataka mlango wa kila chumba uwe na tundu la kuchungulia, au njia nyingine ya kumwona aliye nje. Meli zitakazojengwa tangu hapo ziwe na komeo la ndani na funguo zinazokwisha muda wake. Na ziwekwe kanuni za kueleza ni wafanyakazi gani wanaoruhusiwa kuingia vyumba vya abiria. Yaani sheria nzima imesimama juu ya swali lilelile la bibi zetu: nani ana ufunguo, na kwa idhini ya nani?

Siku ya kupanda meli, watu wa kwetu walitaka mimi nizishike kadi zote kumi na nne, kwa kuwa ndimi niliyepanga. Nilikataa. Mtu mmoja akishika funguo za watu wote, hao wengine huwa wafungwa wake hata kama anawapenda. Kila mtu nikampa yake, isipokuwa mtoto wa miaka 6, ambaye yake ilishikwa na mama yake. Kisha tukaenda mapokezini kuomba kadi mbili za ziada: moja ya chumba cha wavulana, ashike mama yao, na moja ya chumba cha mama yangu, ashike mke wangu, ili dada yangu akitoka pawe na mtu wa kumwangalia mzee.

Karani wa mapokezi, kijana mwenye adabu, akasema kwamba kadi ya chumba cha bibi hawezi kuitoa mpaka bibi mwenyewe akubali, kwa kuwa jina lake ndilo lililo mlangoni. Baadhi ya jamaa walianza kunung'unika: mzee wa miaka 79 wa nini kumsumbua? Lakini mama alikuwa amekaa kitini nyuma yetu na masikio yake mazima. Akasema, "Mlango wangu, na mimi ndiye wa mwisho kuulizwa?" Sote tukanyamaza. Akamwita mke wangu, akamtazama, akasema, "Mpeni huyu. Lakini mwanangu, ubishe hodi kwanza." Na kadi yake mwenyewe hakukubali kumpa mtu amshikie. Aliifunga katika pembe ya leso yake, kama alivyozoea kufunga fedha zake, na kwa siku saba haikupotea. Vijana wawili walipoteza zao.

Nilikumbuka hapo habari ya ufunguo wa Al-Kaaba. Mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume alipoingia Makka kwa ushindi, ufunguo ulikuwa mikononi mwa Uthman bin Talha, na wapo waliotamani wapewe wao. Mtume akamrudishia mwenyewe, na kizazi cha ukoo huo wa Bani Shaiba ndicho kinachoushika hata leo. Wafasiri wengi wameisimulia habari hii penye ile aya ya Surat Nisaa inayoamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Aliyekuwa na uwezo wa kuchukua, hakuchukua. Basi sisi ni nani hata tumnyang'anye mzee ufunguo wa chumba chake kwa siku saba, kwa hoja kwamba twamhurumia?

Kabla ya meli kung'oa nanga tulifanya zoezi la hatari. Yako mambo ambayo watu hulifanyia mzaha, na hili ni moja. Kila chumba kina kituo chake cha kukusanyikia, na herufi ya kituo hicho huandikwa kwenye kadi. Usiku wa tarehe 13 Januari 2012 meli ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, na watu 32 wakafa. Mamia ya abiria waliopanda jioni ile katika bandari ya Civitavecchia walikuwa hawajafanya zoezi bado, kwani sheria ya wakati ule iliruhusu lifanywe ndani ya saa 24. Tangu tarehe 1 Januari 2015 sheria imegeuzwa: lazima lifanywe kabla ya kuondoka au mara tu meli iondokapo. Sisi tuligundua kuwa vyumba vyetu vitano vina kituo kimoja, na maharusi wana chao. Tukawaambia waziwazi wasije kututafuta wala sisi tusiende kuwatafuta. Kila mmoja aende penye herufi yake. Watoto wadogo walifungwa utepe mkononi wenye herufi hiyo.

Usiku wa tatu mpango wetu ulijaribiwa. Katika vyumba vile mlango wa choo na mlango wa kutokea vimepakana. Mtoto wa miaka 6 aliamka saa saba usiku, akaukosa mlango wa choo, akafungua wa nje. Mlango ukajifunga nyuma yake, kama ulivyoundwa kufanya. Akajikuta peke yake katika ujia mrefu, milango mia inayofanana, hana kadi wala viatu. Badala ya kubisha alikimbia, na alikimbilia upande usio wetu. Askari wa zamu alimkuta kwenye ngazi, sitaha mbili chini, analia. Alisoma utepe wake, akamwuliza jina, akapiga simu mapokezini. Kule orodha ikatazamwa: jina, umri, chumba, na nani yumo pamoja naye. Simu ikalia kando ya kitanda cha baba yake. Kaka yangu hakujua kuwa mwanawe hayumo ndani mpaka alipoambiwa kwamba amepatikana.

Asubuhi, kwenye meza ya chai, alitusimulia. Hakusema mengi. Alisema tu, "Wangemwandika chumba cha wale wenzake, simu ingelia kwa wavulana, na wavulana hawaamshwi na mzinga." Kisha akammiminia mama chai. Nami sikuongeza neno, kwa kuwa mwenye kusadikiwa hapaswi kudai.

Jambo jingine lilitokea Maskati. Jamaa wa wifi yangu walikuja bandarini Matrah kutuamkia, na mmoja wao, mama mtu mzima, alitamani sana kuona chumba cha meli ni cha namna gani. Kijana mmoja wetu akasema, "Mpeni kadi ya shangazi, wanafanana, aingie mara moja atoke." Tulimkatalia kwa upole. Kwanza picha ingeonekana mlangoni na aibu ingekuwa kubwa. Lakini hata kama isingeonekana, meli ingehesabu kwamba shangazi yumo ilhali yuko nje. Tulikaa nao nje ya lango, tukala halua na kahawa, na mama yule akaoneshwa picha za chumba katika simu. Aliziona, akasema, "Kumbe ni kidogo hivyo!" Tukacheka sote.

Kwa hayo niliyoyaona, nawausia wenye nia ya safari kama hii mambo machache. Kaeni jamaa nzima, wanawake na wazee wakiwamo, kabla hamjalipa hata shilingi, mwandike kila mtu atalala wapi hasa. Lipeni mapema mpate vyumba vyenye mlango wa kati, na mpate kwa maandishi. Atakayelala humo ndiye aandikwe humo. Na mkitaka kubadilishana vyumba baada ya kupanda, nendeni mapokezini orodha nayo ibadilishwe. Mzee na mgonjwa wapewe chumba kilicho karibu na lifti, si kile kilichobaki. Kadi ya ziada ya chumba cha mtu isitolewe bila ya yeye kukubali, awe mzee au kijana. Mfundisheni mtoto namba ya chumba chake na sitaha yake kama mnavyomfundisha jina la baba yake. Na maharusi waachwe na mlango wao, wala mtu asidai ufunguo wa kuwaangalia.

Enyi vijana, nanyi nina neno kwenu. Siku mtakayopewa kadi yenu ya kwanza mtafurahi kwamba sasa mmekuwa wakubwa, hamwulizwi mwendako. Lakini ukubwa si kuwa na ufunguo. Mwivi naye huwa nao. Ukubwa ni kwamba usiku, mtu akiutazama mlango wako na kulitazama daftari, ayakute mambo mawili hayo yakisema neno moja.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wa bara na bahari, awarejeshe kwa watu wao salama. Wabillahi taufiq.